Asisahau Mwiko

Kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi pale Omurushaka, ukutani nyuma ya kaunta, nimetundika miko ya mafundi ya kila saizi, na katikati yake nimetundika mwiko mmoja wa jikoni. Ni wa mti, umeungua ncha, na mpini wake umelainika kwa kushikwa miaka mingi. Wateja wakiuona hucheka. Wengine huniuliza kama siku hizi nauza na vyombo vya harusi.

Juzi alikuja bwana mmoja kutoka upande wa Kyerwa, kashuka kwenye basi, akaagiza saruji na nondo, halafu akasema, "Mama, niitie mwenye duka, nataka kuongea naye habari za usafiri wa mzigo." Nikamwambia mwenye duka ndiye anayemtazama. Akatabasamu kwa huruma kabisa. "Hapana, nasema mzee mwenyewe."

Mimi nina hasira za karibu, sijifichi. Siku nyingine ningempa zake mpaka aisahau njia ya stendi. Siku hiyo niligeuka nikautazama ule mwiko, nikamwambia, "Mzee mwenyewe ni mimi. Huko unakopeleka saruji kuna stoo isiyovuja?" Akacheka, tukaelewana, akaondoka na mzigo wake. Nikabaki nimekaa nikawaza kwamba habari ya mwiko ule niiandike, maana walioishuhudia wanazidi kupungua, na wanaoisimulia siku hizi wanaiharibu.

Nyumbani kwetu ni kijiji kidogo kati ya Kanoni na Bweranyange, migomba na mibuni mpaka mlangoni. Maji tulikuwa tunayafuata bondeni. Watu hupenda kusema wanawake wa kwetu wana shingo ngumu. Ni kweli, lakini wangesema na kilichozikomaza, madumu asubuhi na madumu jioni, na kilima cha kupanda huku umejitwika.

Nilikuwa darasa la tano walipokuja watu wa mradi kufundisha vijana kujenga matangi ya saruji ya kuvunia maji ya mvua. Vijana maana yake wavulana. Hakuna aliyesema hivyo kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kusema. Mama yangu aliitwa akawapikie. Akaazima mwiko mkubwa wa bibi, yaani mama mkwe wake, mama mzazi wa baba, kwa sababu wake ulikuwa mdogo kwa sufuria la watu wengi.

Maharage yakiwa jikoni, mama alikuwa anasimama kando anaangalia. Aliangalia wanavyosuka wavu wa chuma, wanavyopiga lipu tabaka juu ya tabaka, wanavyomalizia na niru, ule uji wa saruji wa kulainishia ukuta. Siku moja kijana mmoja hakufika, na mwalimu wao akahitaji mtu wa kuingia ndani ya tangi ashikilie ubao wakati wenzake wanapiga lipu kwa nje. Mama akaweka kifuniko kwenye sufuria, akaingia. Saa nane mchana alikuwa nje, ameshika mwiko wa chuma, anapiga lipu mwenyewe. Mwalimu yule alisema mkono wa mama huyu umezoea kusonga ugali wa watu wengi, kwa hiyo saruji haimchoshi. Alisema kwa utani, lakini alimwacha aendelee mpaka mafunzo yakaisha. Mama alikwenda kule na mwiko wa jikoni, akarudi nao na mwingine wa chuma juu yake.

Basi hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, walimwuliza baba siku hizi kwake nani anavaa suruali. Baba, ambaye mguu wake mmoja haukunji vizuri tangu pikipiki ilipomwangusha, aliwajibu kwamba suruali ziko mbili na zote anazifua mama. Walicheka, wakamwacha. Mama alianza na tangi letu wenyewe, nyuma ya jiko. Halikuvuja. Akaitwa kwa jirani, akaitwa kijiji cha pili. Mimi niliacha kwenda bondeni, na naapa hakuna zawadi niliyowahi kupewa ikaizidi hiyo.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo mama hakuligusa. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Katazo la namna hiyo kwa Kinyambo tunaliita omuziro, kwa Kiswahili ndio huo mwiko, na Kiswahili nacho kina mambo yake, maana mwiko ni wa jikoni, mwiko ni wa fundi, na mwiko ni lile jambo lisilofanywa. Kwa Kinyambo neno hilo liko pia, tunasema omwiko, lakini sisi omwiko wetu ni wa jikoni tu. Ukilitaja mbele ya kikongwe asiyejua Kiswahili, atakachowaza ni sufuria.

Mwanamke akipanda juu ya nyumba, iwe yake au ya watu, walisema wazee, amemkalia kichwani mume wake, na mume hatadumu. Bibi aliliamini hilo kama anavyoamini kwamba kesho kutapambazuka. Alizaa watoto wa kiume wanne, na aliyebaki duniani alikuwa baba peke yake. Mama alipoanza kazi ya matangi, bibi alimwita, akamkalisha kwenye mkeka, akamwambia, "Jenga utakavyo, mwanangu. Lakini juu usipande nikiwa hai. Ninaye mmoja." Mama akamwahidi. Ndiyo maana kila tangi lilipokwisha, alitafuta mwanaume wa kufunga gata kwenye bati, ile mifereji inayopeleka maji ya mvua kwenye tangi, na yeye akabaki chini anaelekeza.

Nikiwa kidato cha pili kanisa letu likaamua kujenga tangi kubwa. Kanisa lenyewe ni dogo, la watu wa kulima, na ndani yake wamo Wanyambo, Wahaya, na familia zilizotokea Burundi na Rwanda, kwa hiyo ibada ni ya Kiswahili ili kila mtu apate chake. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa kununua kahawa. Alikuwa na Kiswahili cha kunyooka kama kimepigwa pasi, na alipenda kukitumia mbele ya vikongwe wasiokijua. Mimi sikumpenda toka zamani, naomba msomaji ajue hilo mapema asije akasema nilimwonea.

Yeye alitaka fundi wa kutoka Bukoba. Mchungaji alimtaka mama, kwa sababu alikuwa ameona kazi yake. Wakabishana Jumamosi nzima, na mwishowe mama akasimama akasema, "Nipeni kazi. Tangi likishindwa kuwapa maji msimu ujao wa mvua, naweka mwiko chini, siushiki tena." Nilikuwa nimekaa nyuma na wenzangu wa kwaya, nikatamani ardhi ipasuke. Umri ule mtu anaona aibu kwa kila kitu, na mimi nilikuwa na mama ambaye mikono yake haiishi saruji.

Alilijenga kiangazi chote. Alikuwa analimwagilia asubuhi na jioni lisije likapasuka kwa jua, analizunguka, analipapasa na kiganja. Lilipokwisha lilikuwa limesimama kando ya kanisa, limenyooka, na waliopita njiani walisimama kulitazama. Gata zikabaki. Mwenyekiti akasema sehemu hiyo atamtafuta yeye fundi wake, mtu aliyefanya kazi ya bati maisha yake yote. Akaja bwana mmoja na ngazi na nyundo, akawa anapiga mluzi. Mama alipomwambia gata zilalie upande wa tangi, akamjibu, "Mama, wewe umeshamaliza yako, nenda kapumzike." Akafunga, akaenda zake Kyerwa kwenye kazi nyingine.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Ilinyesha hasa. Jioni tukakimbia kanisani, mama mbele, mimi nyuma, na tukakuta maji yamejaa mlangoni kama bwawa. Tangi lilikuwa kavu. Gata zilikuwa zimelalia upande wa pili, maji yote yalikwenda kinyume na kumwagika kwenye ngazi za kanisa. Mama alitazama mara moja tu akajua. Akamwendea mwenyekiti akamweleza. Mwenyekiti akasema fundi wake hawezi kukosea jambo la kitoto namna hiyo. Akampigia simu fundi wake, haikupokewa. Akapiga Ijumaa, haikupokewa. Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kinasema tangi la mwanamke halishiki maji.

Jumapili baada ya mahubiri ukafika wakati wa matangazo. Mwenyekiti akasimama na karatasi yake. Akasema kamati imesikitika, msimu ndio huu umeingia, tangi halina hata kikombe, na matangi mengine mawili ya shule yaliyokuwa njiani kupewa mama yatapewa mtu wa Bukoba. Halafu akakunja karatasi na kumtazama mama. "Ulisema mwenyewe hapa hapa, mama. Mwiko chini."

Mama akasimama. Sauti yake haikupanda. Akaeleza kwamba kosa ni la gata, ni kazi ya nusu saa, akaomba mwanaume mmoja mwenye miguu mizima apande naye atamwelekeza kutoka chini. Hakuna aliyenyanyuka. Walimwogopa mwenyekiti, au walitaka kuona mwisho wa sinema, mimi sijui. Wanaume wazima walifungua vitabu vya nyimbo kana kwamba kuna wimbo umetajwa. Baba akanyanyuka na mguu wake ule, na mama akamwonyesha kwa mkono akae.

"Basi nipeni ngazi," mama akasema. "Nitapanda mwenyewe."

Mwenyekiti akatabasamu, akageuka kuwatazama watu, na akasema kwa kile Kiswahili chake, pole pole, neno moja moja, "Apande kama anataka. Lakini asisahau mwiko."

Vichwa vyote vikageukia benchi la vikongwe, alipokuwa amekaa bibi. Kila mtu alijua ana mtoto mmoja. Na mimi, Mungu anisamehe, niliomba moyoni mama akae chini, aache, turudi nyumbani tukale. Bibi alichukua mkongojo wake, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje. Nikajua amekasirika. Nikajua mama amekwisha.

Tukatoka wote. Ngazi ikaletwa, ikaegemezwa kwenye ukuta. Mama akaweka mkono kwenye ngazi na hakuweka mguu. Alikuwa anatazama njia ya kwenda nyumbani, ile inayopita kwenye migomba, alikopotelea bibi. Alikaa vile muda mrefu mpaka watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti akajikohoza, akaangalia saa.

Halafu migomba ikatikisika, akatokea bibi. Alikuwa anakuja kwa haraka kuliko mkongojo wake, anahema, na mkononi ameshika ule mwiko mkubwa wa jikoni, bado una ukoko wa ugali wa jana. Akapita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, akampa mama. Akageuka kumtazama mwenyekiti, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Umesema asisahau mwiko. Alikuwa amesahau. Mimi nimeleta. Sasa apande."

Kisha mama mmoja wa kwaya akaanza kucheka chini chini, akashika mdomo, ikawa kama amewafungulia wote. Walicheka wazee, wakacheka wanaume wale wa vitabu vya nyimbo, akacheka mchungaji mpaka akavua miwani. Mwenyekiti akafungua mdomo aeleze kwamba mwiko alioukusudia si huo. Lakini amweleze nani? Kikongwe asiyejua Kiswahili, mbele ya kanisa zima, kwamba anamtaka amzuie mkwewe? Alianza, "Bibi, maana yangu ni kwamba," halafu akaishia hapo hapo. Bibi alimtazama kwa upole, kama anangoja aendelee.

Mama akauchomeka mwiko wa jikoni kiunoni, kwenye fundo la kitenge. Akachukua nyundo. Akapanda.

Sijui niseme nini kuhusu kumwona mama yangu juu ya bati. Nilikuwa na aibu dakika moja kabla, na sasa nilikuwa nalia na kucheka, na nilitaka kumwambia kila mtu aliyesimama pale kwamba yule ni mama yangu, kana kwamba hawajui. Alitembea kwenye mistari ya misumari, palipo na mbao chini, bati lisije likabonyea. Aling'oa vishikio vya gata kimoja kimoja akavirudisha kwa mteremko wa upande wa tangi. Kila akimaliza kimoja alimimina kikombe cha maji kwenye gata, anayatazama yanakokwenda. Baba alisimama chini ya ngazi ameishikilia kwa mikono miwili, na kijana mmoja alipomtania kwamba leo amekaliwa kichwani, alijibu kwamba mkewe ni mzito lakini anammudu.

Mwisho mama akaomba ndoo. Akaimwaga yote juu ya bati. Maji yakashuka, yakaingia kwenye gata, yakakimbia, na tukayasikia yakianguka ndani ya tangi tupu kwa kishindo. Bibi alikuwa ameweka sikio kwenye ukuta wa tangi. Alibaki hivyo hata kishindo kilipokwisha.

Jumanne mvua ikarudi, na Jumatano pia. Tangi likajaa mpaka likamwagika juu. Mwenyekiti alilizunguka anapapasa ukuta kwa kiganja anatafuta unyevu, mimi nikimtazama kutoka barabarani nikiwa nimevaa sare za shule, na nilichelewa kuhesabu namba shuleni siku hiyo kwa raha zangu. Hakupata hata tone. Matangi ya shule alijenga mama. Mwenyekiti mwenyewe, nimpe haki yake, mwaka uliofuata alikuja nyumbani na kofia mkononi akaomba ajengewe la kwake. Mama alimjengea, na juu alipanda yeye mwenyewe.

Sasa mama ana kikundi cha wanawake saba, wengine wa Karagwe, wengine wa Kyerwa, na wawili ni mabinti wa vibarua waliokuja kutoka Burundi. Wote wanapanda. Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa juu ya paa la mtu huko, upepo unavuma kwenye simu, ananiagiza misumari ya bati na kunisema kwa nini ile ya mwisho ilikuwa mifupi. Ana miaka yake, lakini hana dogo.

Nilipofungua duka hili bibi alikuwa bado hai, amekwisha kuwa mdogo kama mtoto. Nilikwenda kumsalimu, nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanyoosha mkono nyuma ya kitanda akanipa ule mwiko uliofungwa kwenye kanga. Akasema nikautundike panapoonekana. Nikacheka, nikamkumbusha siku ile alivyokosea Kiswahili akawaokoa watu wote.

Bibi akanitazama. Akasema kwa Kinyambo, "Mjukuu wangu, mimi nimenunua chumvi kwa Kiswahili kabla yule mwenyekiti hajaota meno. Mwiko naujua wa aina zote."

Nikaacha kucheka. Akaniambia kwamba alipokuwa mke mchanga, babu akiwa Uganda kutafuta kazi, nyumba yao ya nyasi ilitoboka juu ya mahali alipomlaza mtoto. Angeweza kupanda na kuweka majani ya migomba. Hakupanda, kwa sababu ya mwiko. Alingoja shemeji yake siku mbili, mvua ikiwanyeshea, na mtoto akashikwa na kifua. Alikuwa mtoto wake wa kwanza. "Niliushika vizuri," akasema. "Hakuna aliyeushika kama mimi."

Nikamwuliza kama ndiyo maana siku ile ya kanisani alikuwa haamini tena.

"Niliamini," akasema. "Hata leo naamini. Mwezi mzima baada ya siku ile, baba yako akikohoa nilikuwa naacha ninachofanya nasikiliza. Lakini nilipofika kwenye migomba na kuangalia nyuma, nilimwona mama yako ameshika ngazi, hapandi, ananingoja mimi. Angeningoja mpaka leo."

Baba yuko hai, anapalilia mibuni yake na mguu wake ule ule. Bibi tulimzika mwaka juzi, na kaburi lake alilijengea mama kwa mkono wake, niru juu. Mtu akiniuliza bei ya mwiko ule wa mti, namwambia hauuzwi. Akitaka kujua kwa nini, nampa kiti.